Plasta Ikishawekwa, Nani Atautazama Mguu?

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Lopur

Leo tuongee juu ya mtoto aliyezaliwa nyayo zimepinda kuingia ndani. Hakulaaniwa, wala mama yake hakukosea kitu. Anatibika, hasa akipelekwa angali mchanga.

Njia inayotumika sana siku hizi ni ile ya daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Marekani. Mguu unanyooshwa polepole kwa mkono, unafungwa plasta, na baada ya wiki moja plasta inatolewa. Wengi wanafikiri dawa ni plasta. Hapana. Dawa ni ule mguu kutazamwa upya kila wiki: umefika wapi, ngozi ikoje, sasa usukumwe upande gani. Plasta huwa kama tano au sita, kisha watoto wengi hukatwa kidogo mshipa wa kisigino. Halafu ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye wakati wa kulala tu mpaka afike miaka minne hivi.

Miaka minne ni mingi, na mbuzi hawangoji kliniki. Mvua ikinyesha kwingine, awi inahama. Mtoto anakua, viatu vinambana, mama anavivua "kidogo tu", na mguu unarudi kupinda.

Sasa, nani ana ruhusa ya nini? Kenya ina Sheria ya Wanafiziotherapia ya mwaka 2014, na anayefanya kazi hiyo lazima aandikishwe na Baraza lao. Mama, nyanya, au mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kufanya mazoezi aliyoonyeshwa. Kubadilisha mazoezi, hapana. Hiyo ni kazi ya mtaalamu, na yeye naye ana deni: ampime mgonjwa kabla ya kuwaachia nyinyi kazi, awaone mkiifanya, na ampime tena tarehe ikifika, au mapema kukiwa na maumivu. Hata mzee aliyepooza kwa kiharusi, zoezi la mwezi wa kwanza huenda halimfai tena mwezi wa tatu. Mtaalamu akisema "endeleeni hivyo hivyo" bila kumgusa mgonjwa, muulizeni kwa heshima: umeonaje, na umepimaje? Si utovu wa adabu.

Vidole vya mtoto vikiwa baridi, vimevimba au vimebadilika rangi, au vimezama ndani ya plasta, msingoje tarehe. Mrudisheni siku hiyo hiyo.

Kwenye kitabu cha michango, acheni ukurasa mmoja. Andikeni jina la mtoto, tarehe ya kurudi, na nani atatoa nauli ya Kakuma au Lodwar. Familia ikitaka kuhama, iseme kliniki kabla ya kuondoka, ipewe tarehe nyingine.