SOMO LA REDIO: HISA ZA HAZINA KATIKA MIZANIA YA BENKI

Natumaini mmekwisha kaa, na madaftari yako mbele yenu.

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba mizania ina pande mbili: upande wa mali, na upande wa madeni pamoja na mtaji wa wenye hisa. Leo tutasoma mstari mmoja tu katika mtaji, nao huitwa hisa za hazina.

Jina hili huwapoteza wasomaji wengi. Wakisikia "hazina" hudhani ni akiba iliyofichwa, au ni fedha za serikali. Sivyo. Ni hisa ambazo benki iliwauzia watu, kisha ikazinunua tena kwa fedha zake yenyewe. Hisa hizo hazipigi kura mkutanoni, wala hazipati gawio. Tena si mali, kwa kuwa mtu hawezi kuwa mdai wake mwenyewe.

Huko Marekani ziko benki kubwa za sehemu fulani za nchi, kama M&T ya Buffalo na Fifth Third ya Cincinnati, ambazo mizania zao huonyesha mstari huu. Tarakimu zake huandikwa ndani ya mabano. Maana ya mabano ni hii: toa.

Sasa shikeni kalamu, tufanye mfano. Tuseme benki ina mali ya dola milioni 160, na madeni ya milioni 144, yaani hasa amana za watu. Mtaji ni milioni 16. Hisa ni milioni 1, basi kila hisa ina dola 16 za mtaji.

Benki inanunua hisa zake 100,000 kwa dola 20 kila moja. Imelipa milioni 2. Mali imeshuka hadi milioni 158. Madeni hayakubadilika. Mtaji umebaki milioni 14.

Tazameni vizuri. Faida ya mwaka ikiwa milioni 1.8, zamani kila hisa ilipata dola 1.80. Sasa hisa zilizo mikononi mwa watu ni 900,000, na kila moja inapata dola 2. Faida ya kila hisa imepanda, lakini benki haikuchuma hata senti moja zaidi. Na mtaji wa kila hisa umeshuka hadi dola 15.56, kwa sababu benki ilinunua kwa bei kubwa kuliko dola 16.

Je, ni vibaya? Si lazima. Benki yenye mtaji wa kutosha yaweza kuwarudishia wenyewe fedha zao, na hisa hizo yaweza kuziuza tena baadaye. Lakini mtaji ndio ngao ya wenye amana. Mikopo ya milioni 15 ikipotea, mtaji wa kwanza ungestahimili na kubakiza milioni 1. Mtaji wa sasa hautoshi. Hasara ya milioni 1 itawaangukia wanaoidai benki.

Kwa hiyo, mkisikia faida ya kila hisa imepanda, ulizeni kwanza: faida imeongezeka, au hisa zimepungua?

Zoezi: Benki yetu ingenunua hisa zile 100,000 kwa dola 12 kila moja, mtaji wa kila hisa ungekuwa dola ngapi? Umepanda au umeshuka? Andikeni sababu.

Kwaherini, na someni kwa bidii.