Kambi ya Wanyama na Watoto Walioachwa Nje ya Lango

Tangazo la kambi ya sayansi ya watoto kuhusu wanyama na makazi yao katika likizo hii ya mwezi wa sita umelisikia, ada yake umeisikia, na malumbano juu ya ada hiyo umeyasikia pia. Hatutayarudia. Redio hii haina ugomvi na kambi. Mtoto kutumia likizo kumsoma mnyama na mahali anapoishi ni jambo jema, tena jema sana. Kinachotutia wasiwasi ni nani ameitwa na nani ameachwa. Inatangazwa kambi ya kufundisha makazi ya wanyama, na mtoto anayeishi jirani na makazi hayo hayumo. Mtoto wa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, hayumo. Mtoto wa Mikumi hayumo. Mtoto wa Kunduchi, anayeamka akiiona mikoko, hayumo. Wameachwa nje ya lango, na kipindi hiki kimelisema hilo mara nyingi na kitaendelea kulisema.

Tumchukue chura wa Kihansi. Mwaka 1996 wataalamu walimkuta katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima hiyohiyo ya Udzungwa: chura wa rangi ya dhahabu, asiyefika urefu wa sentimita tatu, anayezaa watoto waliokamilika badala ya kutaga mayai majini. Hakupatikana pengine popote duniani. Makazi yake yote yalikuwa hekta chache za majani na kuvumwani, zilizolowa manyunyu ya maporomoko usiku na mchana. Mwaka 2000 maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, na manyunyu yakapungua. Chura karibu 500 walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani ili wasipotee kabisa. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji, lakini mwaka 2003 idadi ya chura waliobaki ikaporomoka, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura nao ukabainika. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 vizazi vya wale waliopelekwa ng'ambo vikaanza kurudishwa. Hakuwindwa chura huyu, wala hakutegwa. Alinyimwa manyunyu kwanza, kisha ugonjwa ukamkuta. Somo zima la makazi limo humo, na umeme tulioupata ni wa kweli na tunauhitaji, ndiyo maana somo ni gumu na lina thamani. Sasa tuulize: nani alisome kwanza? Mtoto wa mjini aliyelipiwa ada, au mtoto wa vijiji vya Kihansi, ambaye kesho ndiye atakayekaa kwenye mkutano wa kijiji kuamua habari za msitu na maji? Tunasema wote wawili. Lakini wa pili ameachwa nje ya lango.

Wapo wanaojibu kwamba watoto wa vijijini wanyama wanawajua tayari, kwani nyani wanawafukuza shambani kila siku. Kufukuza si kusoma. Kijana anayekesha kulinda mahindi anaijua njia wanayopita tembo. Sayansi inamweleza kwamba ile ni ushoroba, njia inayounganisha maji na malisho, na kwamba ukilima katikati yake mgongano hauishi. Inampa na la kufanya. Utafiti uliofanyika Kenya ulionyesha kuwa tembo humwogopa nyuki, na uzio wa mizinga leo umefika hadi kwenye mashamba ya Tanzania. Mpe mtoto wa hapo daftari, aandike usiku waliokuja tembo, upande waliotokea, mzinga uliowarudisha na ule usiowarudisha. Takwimu hizo kambi ya mjini haiwezi kuzinunua kwa ada yoyote. Mtoto huyu ujuzi anao. Hajapata tu mtu wa kumketisha na kumwambia kwamba huu ndio mwanzo wa sayansi.

Wengine watasema fedha hakuna. Vikundi vya vijana vya mazingira vya Roots & Shoots, ambavyo leo viko katika nchi nyingi, vilianzia Dar es Salaam mwaka 1991 kwa wanafunzi 12 tu waliokutana na mtafiti wa sokwe Jane Goodall nyumbani kwake. Kenya ilikuwa na klabu za wanyamapori mashuleni tangu mwaka 1968. Kambi ya siku tano katika shule ya msingi inataka kamba ya kupimia mita moja ya mraba, kipimajoto, madaftari, na mwalimu asiyeona aibu kusema, "Sijui, twendeni tukaangalie." Hata Kariakoo mnyama wa kusomwa yupo. Kunguru aliyeletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ameenea jijini kote: anakula nini, analala mti gani, ndege gani hawaonekani alipo yeye? Kuhusu hatari, hoja ni ya haki. Hakuna anayetaka watoto wapelekwe kwenye mto wenye mamba. Askari wa hifadhi na wazee wanaolijua eneo waongozane nao, na msitu ukiwa na tembo siku hiyo, somo lifanyike uwanjani.

Kwa hiyo tunasema, na tunasema kwa sauti. Waandaaji wa kambi, tengeni nafasi za watoto wa shule za umma, tena sasa hivi, kabla likizo haijaisha. Wakuu wa hifadhi, mnao wataalamu. Watoeni waende shuleni. Maofisa elimu, msingoje waraka! Walimu wakuu, fungueni madarasa kwa siku tano tu, si kwa tuisheni, kwa chura, kwa kunguru, kwa mikoko. Na wewe mzazi, mwanao akirudi jioni na matope magotini na swali usiloweza kulijibu, usimkaripie. Kesho yake mrudishe tena.