Majina ya Mimea, na Hatari ya Kuyasikia Vibaya



Leo nasema juu ya majina ya mimea. Labda mtajibu: "Moniteri, majina hayajazi chungu." Sikieni kwanza kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifundisha katika kijiji kimoja kwamba muhogo mtamu na muhogo mchungu ni mmea wa namna moja, jina lake Manihot esculenta. Neno lilikuwa la kweli. Lakini mama mmoja alifikiri: kama jina ni moja, upishi nao ni mmoja. Akachimba muhogo mchungu, akaupika siku ile ile bila kuuloweka. Mtoto wake alitapika usiku kucha. Alipona, lakini mimi sikusahau.

Basi shikeni haya.

Kwanza. Jina la wataalamu lina maneno mawili. Manihot ni jina la ukoo, huandikwa kwa herufi kubwa. Esculenta huandikwa kwa herufi ndogo. Majina ya mimea huhesabiwa tangu kitabu cha Linnaeus wa Uswidi, mwaka 1753.

Pili. Wengi hufikiri jina jipya hushinda. Sivyo. Crantz aliita muhogo esculenta mwaka 1766. Baadaye, mwaka 1827, Pohl aliuita utilissima. Vitabu vingi vilimfuata Pohl. Lakini sheria yasema: jina la kwanza lililotolewa kwa halali ndilo lenye nguvu. Kwa hiyo la Crantz limebaki.

Tatu. Jina la mtu si hati ya mali. Ua liitwalo Gladiolus verdickii lamkumbuka Verdick, aliyekusanya mimea hapa Lukafu karibu na mwaka 1900. Hakuliumba, wala si lake.

Nne, na hili ndilo kubwa. Jina halifundishi kupika. Esculenta maana yake "yenye kulika", lakini halisemi muhogo upi una sumu nyingi. Mtamu na mchungu ni ndugu wa tumbo moja, tabia mbali mbali.

Kwa hiyo, wamama, muhogo mchungu menyeni, loweka majini siku tatu au nne hata ulainike, anikeni juani ukauke kabisa, ndipo mtwange unga wa bukari. Na muhogo msioujua, mwulizeni kwanza aliyeupanda.