Mtoto Mwenye Kisukari na Mashine ya Insulini



Tarehe 11 Januari 1922, katika mji wa Toronto, nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipigwa sindano ya insulini. Ile ya kwanza haikumfaa sana, maana dawa ilikuwa haijatakaswa vema. Siku 12 baadaye alipewa iliyo safi zaidi, naye akapata nafuu. Kabla ya hapo mtoto aliyeshikwa na kisukari cha namna hii hakuwa na matumaini ya kuishi sana, kwa kuwa kongosho lake huacha kutengeneza insulini. Wala si kwa kulishwa sukari nyingi, kama wasemavyo majirani.

Leo iko mashine ndogo, yaenea kiganjani, ivaliwayo kiunoni. Hutia insulini mwilini kidogo kidogo, usiku na mchana, kwa mrija mwembamba uingiao chini ya ngozi, ambao hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Wakati wa chakula mzazi hukadiria wanga uliomo katika ndizi, ugali au wali, akabonyeza dawa iongezwe. Ziko ambazo hushirikiana na kipimo kilichobandikwa mwilini, zikapunguza na kuzidisha dawa zenyewe. Hata hizo zataka mtu wa kuzitazama.

Hapa ndipo penye hatari. Mtoto apigwaye sindano ya insulini ikaayo kutwa ana akiba mwilini. Mwenye mashine hana, maana humo hutiwa ile ifanyayo kazi upesi tu. Mrija ukipindika usiku, au betri ikiisha, baada ya saa chache mtoto huanza kutapika, tumbo likamuuma, akahema kwa nguvu, na pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva mno. Aghalabu watu hudhani ni malaria. Mama mwenye busara hupima sukari kwanza. Akiiona imepanda, humpiga mtoto sindano kwa kadiri aliyoagizwa na daktari, kisha hubadili mrija. Na mtoto akizidi kutapika, humpeleka hospitali bila kungoja kupambazuke.

Basi aliyejaliwa kupata mashine, na bei yake si ndogo, asizitupe sindano. Awe nazo nyumbani, na nyingine katika mkoba wa mtoto, mahali pasipopigwa na jua, na mwalimu wa shule na wa chuoni wote wawili waonyeshwe zilipo.