Mhusika Mmoja, Visa Vingi

Nyie wa kule dirishani, sogeeni. Nimeombwa niongee juu ya muda wa kukaa peke yako. Najua mnachotegemea: acheni vijiwe, chezeni mpira. Leo sivyo. Leo ni mchezo wa kukaa chini na penseli.

Mwaka 1974 kule Marekani ulitoka mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu wanazunguka meza, kila mmoja anakuwa mhusika, mmoja anasimulia na dadu inaamua. Sasa asiye na kundi je? Mwaka 1982 Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, walitoa The Warlock of Firetop Mountain, kitabu cha kuchezwa na mtu mmoja. Unasoma, unachagua, unaruka hadi kwenye namba uliyoelekezwa. Mwaka 1984 Joe Dever akaanza mfululizo wa Lone Wolf, na utamu uko hapo: shujaa ni yule yule, anatoka kitabu hiki anaingia kile na vitu vyake.

Hata dadu huhitaji. Kuna jedwali la namba 0 hadi 9. Unafumba macho, unagusa kwa penseli. Namba uliyoipata jumlisha na 20, hiyo ndiyo nguvu ya mwili wake. Kati ya stadi 10 unachagua 5, na ukimaliza kitabu unaongeza moja. Mkoba unabeba vitu 8 tu, na kila mlo ni kitu kimoja. Ukiambiwa ule na huna chakula, unapoteza nguvu 3. (Wale mnaoruka chai ya asubuhi, mnanisikia?)

Ukigusa 0, shujaa wako anaanza na 20 tu, na hakuna anayekuona ukigusa tena. Mimi nasema iache. Huyo dhaifu ndiye atakayekufundisha kufikiri kabla ya kupigana.

Vitabu hivyo hamna, sawa. Daftari mnalo. Chukua mhusika wa umri wako, mpe jina, mpe woga wake na ujasiri wake, kisha mrudishe kila wiki kwenye kisa kipya. Wiki hii amekosa nauli, na mtu mzima mwenye gari anampa lifti "bure". Afanye nini? Aseme nini hasa, maneno gani? Andika jibu lake, chagua namba, tazama kinachofuata. Likishindikana jaribu lingine, maana wiki ijayo mtu yule yule atasimamisha gari tena, naye anakumbuka alivyojibiwa.

Siwadanganyi: mwenye gari wa kweli hasomi daftari lako. Lakini neno "sitaki" lililokwisha kuandikwa mara tatu halikwami kooni kama lile linalotafutwa siku hiyo hiyo. Na kama kisa unachokiandika kimekupata wewe mwenyewe, usikifungie daftarini. Kosa si lako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, na akikupuuza mwambie mwingine.

Haya, tuna dakika kumi. Chaneni karatasi moja vipande kumi, andikeni 0 hadi 9, kunjeni. Na jina la mhusika lisiwe la mtu wa darasa hili, tafadhali.