Muuguzi wa Stashahada na Mlango wa Shahada

Saa tisa usiku, wodini. Muuguzi anahesabu matone ya dripu, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Ana stashahada na kazi anaijua vizuri, ila shahada anadhani ni ya waliomaliza kidato cha sita tu.

Sivyo.

Chuo Kikuu cha KCMC mjini Moshi ni chuo cha Kikristo kilichoanza mwaka 1997, kando ya hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971. Shahada ya uuguzi huchukua miaka 4. Wanaotoka kidato cha sita huingia kwa masomo ya sayansi, Kemia na Biolojia yakiwa mbele. Mwenye stashahada ya uuguzi naye ana njia yake, mradi awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0.

Wengi hujikwaa kwenye cheti cha kidato cha nne, ambacho bado huangaliwa: Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza. Inauma kumwona muuguzi hodari akikwama kwa F ya Hisabati ya miaka 10 iliyopita. Mwenye F hiyo aurudie mtihani mapema kama mtahiniwa wa kujitegemea, asingoje dirisha la udahili lifunguliwe. Vigezo vya chini hutolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, katika mwongozo wa kila mwaka.

Baada ya masomo hufuata mwaka 1 wa utarajali hospitalini, kisha leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.