Amana ya Mwili na Dawa za Kila Siku

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa viwiliwili na Mwenye kuviponya. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake, na kila mwenye kuifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu, mlio msikitini nanyi mnaotusikiliza majumbani, tunajiusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu. Na katika kumcha Mungu ni kuzitunza amana zake. Mali ni amana, watoto ni amana, elimu ni amana. Na mwili huu tunaosimama nao katika sala nao ni amana tutakayoulizwa.

Leo tunataka kusema juu ya wagonjwa ambao ni nadra nyumba kuwakosa: wenye shinikizo la damu, wenye kisukari na wenye maradhi ya moyo. Hawa huandikiwa dawa za kila siku, si za juma moja. Na wengi wao hufanya jambo moja: humeza mwezi wa kwanza, kichwa kikapoa, mwili ukawa mwepesi, kisha vidonge vikawekwa juu ya kabati. Ukiwauliza husema, "Alhamdulillahi, nimepona." Hili ndilo tunalotaka kulitazama, kwani ndani yake mna uhai wa watu.

Huenda mtu akauliza: yajulikanaje kwamba asiyeumwa na chochote anahitaji dawa? Swali hili ni la haki, na jawabu lake halikupatikana kwa kubahatisha. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, Marekani, waganga waliandikisha wanaume na wanawake 5,209. Wakawapima, kisha wakawarudia kila baada ya miaka miwili, mwaka baada ya mwaka, wakiandika nani amepatwa na maradhi ya moyo, nani amepooza na nani amekufa. Zama hizo waganga wengi walidhani kwamba shinikizo kupanda uzeeni ni jambo la kawaida lisilo na ubaya. Hesabu ya Framingham ikabainisha kinyume chake: wenye shinikizo la juu, wenye mafuta mengi katika damu na wavutao sigara ndio waliotangulia kupatwa, na wengi wao hawakuwa na maumivu yoyote kabla.

Lakini kujua hatari si kujua dawa. Mwaka 1967, Daktari Edward Freis na wenziwe walitangaza matokeo ya jaribio katika hospitali za askari wastaafu wa Marekani. Wanaume 143 wenye shinikizo kali waligawanywa kwa kura: sehemu moja wakapewa dawa, na sehemu ya pili vidonge vilivyofanana nazo lakini havina dawa ndani yake. Katika waliokosa dawa, 27 walipatwa na madhara makubwa. Katika waliopata dawa, walikuwa 2 tu.

Wanafunzi wa elimu ya Hadithi hawataona ugeni katika mwendo huu. Maimamu wetu hawakupokea kila habari kwa kuwa msemaji wake ni mtu mwema. Waliuliza: amesikia kwa nani, hifadhi yake ikoje, na wapokezi wengine wamesema nini? Vivyo hivyo katika tiba, neno la jirani kwamba yeye aliacha vidonge na hakudhurika ni habari ya mtu mmoja, juu ya mwili mmoja, ambaye mwisho wake bado haujaonekana. Haiwezi kusimama mbele ya maelfu waliofuatwa kwa miaka mingi.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya watu wa mbali. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 ulipima watu wazima katika Ilala, mjini Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari, mkoani Kilimanjaro. Mjini na shamba, kiasi cha watu 3 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la juu. Katika hao, wasiofika 20 kwa kila 100 ndio waliojua kuwa wanalo. Kiasi cha 10 ndio waliosema wanatumia dawa. Na ambao shinikizo lao lilikuwa limeshuka hadi kiwango cha salama hawakutimia hata mmoja kwa kila 100. Na Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata matibabu yao sawasawa ni kiasi cha nusu tu.

Wapo wasemao: "Ajali ina siku yake, kidonge hakiizuii." Maneno ni ya kweli, lakini yametiwa mahali pasipo pake. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya kujitibu akaamrisha watu wajitibu, na yule aliyeuliza juu ya ngamia wake aliamrishwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Anayemeza kidonge kwa Bismillahi hakuacha kutawakali. Amemfunga ngamia wake.

Jambo hili huzidi uzito unapoingia mwezi mtukufu wa Ramadhani. Mwaka 2004 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa wa kisukari zaidi ya 12,000 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi. Wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao hawaishi bila insulini, 43 katika kila 100 walifunga siku 15 au zaidi. Wa aina ya pili walikuwa 79. Kushuka kwa sukari hadi kulazwa hospitali kuliongezeka mara 4.7 kwa wale wa kwanza, na mara 7.5 kwa wale wa pili, kuliko miezi ya kabla. Na waliobadilisha kipimo cha dawa walikuwa kiasi cha robo tu ya wamezao vidonge, na thuluthi ya wajidungao insulini.

Enyi ndugu, Qur'ani Tukufu imemtaja mgonjwa mara mbili katika aya za Saumu, aya mbili zinazofuatana. Ruhusa hiyo ni zawadi ya Mola, na zawadi ya Mola hairudishwi. Basi mgonjwa na aende kwa daktari kabla ya mwezi kuandama. Akiambiwa afunge kwa kubadilishiwa saa na kipimo cha dawa, na afunge. Akikatazwa, na ale bila kuona haya: atarajiwaye kupona atalipa siku nyingine, na asiyetarajiwa atalisha maskini. Na nyumba isimsimange mzee wao kwa ruhusa aliyopewa na Mungu.

Tena dawa ni kama kisu: hufaa na hukata. Usimpe mwenzio vidonge vyako kwa kuwa ugonjwa umefanana jina. Diklofenaki na ibuprofeni, wazimezazo watu kila siku kwa maumivu ya magoti, huweza kupandisha shinikizo na kudhuru mafigo. Dawa ikikuletea kizunguzungu au kikohozi, usiiache kimya kimya. Rudi kwa aliyekuandikia, kwani mara nyingi ipo nyingine. Na ukitumia miti shamba, mwambie.

Vijana mnaosoma, wasomeeni wazee wenu maandishi ya pakiti, na muwakumbushe kwa adabu. Wenye uwezo, mtazameni jirani aliyeacha dawa si kwa ujinga bali kwa kukosa fedha. Kumnunulia dawa za mwezi ni sadaka iliyo bora.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira katika matibabu yao, na utujaalie tuzirudishe amana zako zikiwa zimetunzwa. Amin.

Wabillahi tawfiki. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.